Herufi kwenye Dawati la Mvule

Mwanzoni mwa mwaka huu mwalimu mmoja mstaafu, jirani yangu hapa Jinja, Uganda, aliniletea ubao uliofungwa kwa gazeti, akauweka juu ya meza yangu ya kazi na kunieleza kwamba ulikuwa kifuniko cha dawati katika shule aliyosoma na baadaye kufundisha. Madawati ya zamani yalikuwa yametolewa madarasani ili yapasuliwe kuni, naye akawahi kuokoa ubao mmoja. Alitaka kalamu tatu: moja yake na mbili za watoto wake. "Lakini fundi," akasema, huku akipitisha kidole juu ya herufi ambazo vizazi vya wanafunzi walizichonga kwa wembe na ncha za bikari, "hizi zisipotee."

Nikamwitikia, "Hazitapotea, Mwalimu," kabla sijafikiri, na kwa wiki mbili baadaye nilijuta.

Anayekereza kalamu huanza na kipande cha mraba chenye upana wa milimita 18 hivi, akakitoboa katikati kwa keekee ya milimita 7, akagandisha ndani yake mrija wa shaba ya manjano, kisha akakivisha kwenye mhimili wa kerezo, mashine inayozungusha mbao huku patasi ikiichonga, pamoja na bushi, yaani pete za chuma zinazomwonyesha aishie wapi. Katika kalamu nyembamba za kuzungusha ili ncha itoke, ambazo vyuma vyake ndivyo vya bei nafuu, kipenyo cha mwisho kwenye ncha za mrija ni milimita 8 na kidogo, kwa hiyo mbao inayobaki hapo ni ganda lisilofika unene wa milimita moja. Katikati, ukiiachia kalamu kitumbo, utabaki na milimita mbili. Kinachoondoka kwanza, basi, ni uso wa ubao, na uso ndio wenye rangi ya zamani, mikwaruzo, madoa ya wino na majina. Dawati la miaka hamsini likikerezwa kwa njia ya kawaida hutoa kalamu isiyotofautiana hata kidogo na kalamu ya mbao iliyonunuliwa jana.

Tatizo hilo sikuwa nimelikuta hapo awali kwa sababu kazi yangu nyingi hutokana na mashua kuukuu za ziwani, ambazo wavuvi wa Masese huziuza kwa bei ya kuni zinapokuwa hazistahimili tena maji. Msumari wa mashua hupenya unene wote wa ubao, kutu yake ikajipenyeza kwenye nyuzi za mbao pande zote, na hata ukikereza hadi mwisho doa jeusi hubaki pale pale likizunguka tundu. Nilipoanza nilikuwa nikiyaziba matundu hayo kwa supaglu na vumbi la mbao, nikiamini kwamba mnunuzi anataka kitu kisicho na dosari. Siku moja mteja alishika kalamu mbili, akaniuliza atajuaje kuwa kweli zimetoka mashuani, nami sikuwa na jibu zaidi ya kuapa. Akaiweka mezani ile niliyoihangaikia, akachukua ile yenye tundu ambayo nilikuwa nimeitenga kama mbovu. Tangu siku hiyo matundu nayajaza chembe za shaba zinazotoka kwenye mirija, yaonekane vizuri.

Mbao yenyewe mara nyingi ni mvule, ambao zamani ulikuwa mti wa kutegemewa kwa mashua na samani katika nchi hii na ambao sasa umeadimika kiasi kwamba mbao kuukuu ndiyo njia ya mtu kama mimi kuupata bila kumsumbua mti ulio hai. Mvule mpya una rangi ya manjano, kisha mwanga huufanya uwe wa hudhurungi yenye dhahabu ndani yake. Una hila mbili. Ya kwanza ni mawe: ndani ya mti hujikusanya chokaa ngumu isiyoonekana kwa nje, na patasi iliyonolewa kwa nusu saa hupoteza makali yake mara moja inapoligonga jiwe hilo. Ya pili ni vumbi, ambalo huwasha ngozi na kubana kifua, na ambalo nililidharau hadi nilipokohoa mwezi mzima. Leo sipigi msasa bila barakoa, na kerezo langu, lililoungwa na mafundi wa Katwe, mtaa wa Kampala, kwa vyuma chakavu na mota ya pampu iliyosukwa upya, nimelihamishia kwenye veranda.

Nimejaribu vitu vingine pia. Maganda ya kahawa niliyoyamimina ndani ya epoksi, gundi ya maji inayoganda ikawa ngumu, yaliniaibisha, kwa kuwa hayakuwa yamekauka sawasawa na sikuwa na chungu cha shinikizo cha kubana viputo, nikapata kitu kinachofanana na mkate uliooza. Pembe za ng'ombe wa Ankole zimenilipa zaidi. Ukubwa wake humdanganya mtu, kwani sehemu kubwa ya pembe ni ganda tupu lililovaa mfupa, na kwa kalamu ni ncha iliyojaa peke yake inayofaa. Ukiitoboa kwa haraka hupata joto, ikanuka kama nywele zilizoungua na kupasuka, kwa hiyo keekee lazima itolewe kila baada ya milimita chache. Wapo pia wanaoniletea vipande vya pembe za ndovu wakidai ni urithi wa babu. Sivigusi. Biashara ya kimataifa ya pembe hizo ilipigwa marufuku mwaka 1989 chini ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, na hata kusingekuwa na sheria, sioni kitu kilichookolewa hapo.

Nikirudi kwenye dawati, herufi zilikuwa na kina cha milimita moja na nusu tu, na jibu lilipopatikana halikuwa la ustadi wa mkono bali la hesabu. Tundu likitobolewa katikati ya kipande, herufi zimekwisha. Lakini likitobolewa karibu na uso, kitovu chake kikiwa milimita 5 na nusu chini ya uso huo, na kitumbo cha kalamu kikaachwa na kipenyo cha milimita 11, basi kitumbo hicho kitaugusa uso wa zamani kwenye mstari mmoja, na pande zote mbili za mstari huo utasalimika ukanda wa herufi wenye upana wa milimita 7 hivi, ukizidi kufifia kuelekea kingo. Kipande cha namna hiyo hakina uwiano, hivyo kerezo lilitikisika hadi nati zikaanza kulegea, nikalazimika kukipunguza kwanza kwa randa. Nilizinywesha herufi supaglu nyepesi ili kingo zake zising'oke, na uchafu mweusi uliokuwa ndani, ambao nadhani ni wino na jasho, niliuacha na kuufunika kwa epoksi angavu. Kalamu ya kwanza ilipasuka. Ya pili, ya tatu na ya nne zilitoka.

Herufi ndogo zilisalimika karibu nzima. Zile kubwa zilibakiwa na miguu tu, na kwenye kalamu niliyomkusudia Mwalimu mwenyewe ilibaki mistari miwili iliyokutana, ambayo ingeweza kuwa sehemu ya A, ya M au ya K. Aliigeuza mkononi kwa muda mrefu, akataja majina matatu ya watu waliokaa kwenye dawati hilo, kisha akaijaribu juu ya lile gazeti alilofungia ubao na kusema kuwa ni nzito mno kwa kusahihishia mitihani. Nikamkumbusha kwamba amestaafu. Alilipa, akauliza mabaki ya ubao yako wapi, akayafunga kwenye gazeti lile lile na kuondoka nayo.