Jinsi nilivyoirudisha maildi katika kiwanda kidogo cha bia

Kiwanda kidogo cha bia ninachofanyia kazi, katika eneo la Black Country magharibi mwa Birmingham, sasa hupika maildi, bia nyepesi ya Kiingereza, kila mwezi, na mapipa yake huisha kabla ya mwezi kwisha. Nilipoajiriwa pale hali haikuwa hivyo. Tulikuwa na IPA kadhaa, yaani bia zenye hopsi nyingi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu), zilizotofautiana kwa jina la hopsi tu, stauti moja, bia nyeusi nzito ya majira ya baridi, na bia ya matunda iliyopikwa kwa ajili ya kiangazi. Ninaandika uzoefu huu kwa ajili ya Waswahili wenzangu wanaopika bia, wawe wanapika nyumbani au wameajiriwa kiwandani kama mimi, kwa kuwa ninaamini kabisa kwamba viwanda vidogo vimezitupa bila sababu ya msingi bia nyepesi zilizo bora, na kwamba mwenye kiwanda anaweza kushawishika akionyeshwa jambo hilo kwa kuonja na kwa hesabu.

Maildi ni bia ya Waingereza, ambayo kwa kawaida huwa nyeusi au ya kahawia iliyokolea, yenye hopsi chache na kileo cha asilimia 3 hadi 3.8 hivi. Ladha yake yote hubebwa na kimea: mkate wa kahawia, karanga zilizokaangwa, kakao kwa mbali, na pengine utamu mdogo wa sukari guru. Katika karne ya 19 iliuzwa ikiwa bado changa, tofauti na bia zilizowekwa ghalani kwa miezi mingi, na wakati huo ilikuwa na nguvu kuliko bia nyingi za leo. Vita Kuu ya Kwanza ndivyo vilivyoidhoofisha, kwa sababu serikali ilibana nafaka iliyoruhusiwa kwenda viwandani na kupandisha kodi, na kileo kilichopungua wakati ule hakikurudi tena. Hata hivyo iliendelea kupendwa sana, hasa katika maeneo ya migodi na viwanda vya chuma kama haya ya kwetu, ambako mtu aliyetokwa na jasho mbele ya tanuri kutwa nzima alihitaji kinywaji cha kukata kiu ambacho hakitamwangusha. Mpaka miaka ya 1950 ilikuwa bado bia kuu ya baa za Uingereza, kisha bita, bia ya Kiingereza yenye uchungu zaidi wa hopsi, ikaipita, na laga ikaja kuzipita zote mbili.

Haikufa kabisa. Hapa jirani, Batham's ya Brierley Hill na Holden's ya Woodsetton bado hupika maildi, na huko Sedgley, nyuma ya Beacon Hotel, kiwanda cha Sarah Hughes hupika Dark Ruby Mild ya asilimia 6, ambayo humwonyesha mnywaji wa leo kwamba bia ya jamii hii haikuwa dhaifu tangu mwanzo. CAMRA, chama cha watetezi wa bia ya pipa kilichoanzishwa mwaka 1971, huutenga mwezi wa Mei kwa ajili ya maildi, na katika shindano lake la bia bora ya Uingereza, maildi zimewahi kuzishinda bia za aina nyingine zote: Black Cat ya Moorhouse's mwaka 2000, Hobsons Mild mwaka 2007, na Ruby Mild ya Rudgate mwaka 2009. Kwa hiyo waamuzi wenye ujuzi wanaijua thamani yake. Walioisahau ni viwanda vipya, na mimi naona wameisahau kwa sababu hopsi kali ni rahisi kuisifia kwenye lebo kuliko kimea kilichotulia.

Mwenye kiwanda chetu alikuwa na hofu moja ambayo niliiheshimu, nayo ni kwamba wateja wangeona wameuziwa maji yaliyotiwa rangi. Hofu hiyo ina chanzo, kwa maana maildi nyingi za hovyo zimepita katika baa za nchi hii, nyembamba na zisizo na ladha yoyote inayobaki mdomoni. Niliamua nisibishane naye kwa maneno. Tangu mwaka 1963 mtu yeyote wa Uingereza anaruhusiwa kupika bia nyumbani bila leseni, mradi asiiuze, nami nilikuwa na vyombo vyangu vya lita chache, kwa hiyo nikapika bia mbili zilizolingana kwa nafaka, hopsi, hamira na maji, zikatofautiana kwa joto la kulowekea kimea pekee.

Msingi wa nafaka ulikuwa Maris Otter, shayiri ya Kiingereza ambayo wapishi wengi huipenda kwa ladha yake ya biskuti, nikaongeza kimea cha kristali, chenye utamu wa karameli, kama sehemu ya kumi hivi, oti kidogo kwa ajili ya ulaini, na kimea cha chokoleti, yaani kilichokaangwa hadi kuwa cheusi, kisichozidi asilimia 4. Kimea hiki cha mwisho sikukiloweka pamoja na vingine tangu mwanzo, bali nilikinyunyiza juu wakati wa kuchuja, kwa sababu kikikaa muda mrefu katika maji ya moto huleta uchungu wa majivu ambao bia nyepesi haina mahali pa kuuficha. Hopsi zilikuwa Fuggle, aina ya Kiingereza, zilizotiwa mara moja tu mwanzoni mwa kuchemsha, ili zizuie utamu usikinaishe bila kutoa harufu ya kushindana na kimea.

Chombo cha kwanza nilikiloweka kwa nyuzi 65 za Selsiasi na cha pili kwa nyuzi 69. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini kazi yote ya maildi imo ndani yake. Kimea kina vimeng'enya viwili vikuu vinavyovunja wanga. Kimoja hufanya kazi vizuri kwenye joto la chini na hutoa sukari ambayo hamira huila karibu yote, na kingine hustahimili joto zaidi na kuacha minyororo mirefu ya sukari ambayo hamira haiwezi kuila, ikabaki kwenye bia kama uzito na ulaini kinywani. Kwa hiyo maji matamu yaliyotoka katika vyombo vyote viwili, ambayo mtu aliyekulia kwetu Tanzania angeyatambua mara moja kuwa ni ndugu wa togwa, yalikuwa na kipimo kimoja cha uzito wa sukari, 1.036 (maji matupu ni 1.000), lakini baada ya kuchachuka ya kwanza ilishuka hadi 1.008 na ya pili ikasimama kwenye 1.012. Ya kwanza ikawa na kileo cha asilimia 3.7 hivi, na ya pili asilimia 3.2.

Nilimpelekea mwenye kiwanda glasi mbili bila kumwambia ipi ni ipi, nikamwomba aniambie ipi ina nguvu zaidi. Aliichagua ile ya asilimia 3.2 papo hapo, kwa sababu ilikuwa nene kinywani na ladha yake ilikaa baada ya kumeza. Tangu hapo mazungumzo yetu yaliacha kuwa juu ya maji yaliyotiwa rangi, yakawa juu ya bei.

Kuhusu bei, sheria yenyewe ilikuja upande wangu. Kuanzia tarehe 1 Agosti 2023, ushuru wa vileo Uingereza hupangwa kwa kiwango cha kileo, na wakati huo bia iliyo chini ya asilimia 3.5 iliwekewa pauni 9.27 kwa kila lita ya kileo halisi, wakati bia ya asilimia 3.5 hadi chini ya 8.5 iliwekewa pauni 21.01. Niliandika hesabu ya pipa moja la galoni tisa, yaani karibu lita 41, kabla ya nafuu nyingine zinazotolewa kwa wazalishaji wadogo na kwa bia ya pipa: maildi ya asilimia 3.3 ingelipiwa ushuru wa pauni 12 na nusu, na bita ya asilimia 4.5 ingelipiwa chini kidogo ya pauni 39. Ukiongeza kwamba bia nyepesi hutumia nafaka kidogo, na kwamba maildi inahitaji hopsi chache sana wakati hopsi za IPA ni miongoni mwa gharama zetu kubwa, hesabu inajieleza yenyewe. Kuna faida nyingine ambayo wenye viwanda huisahau, nayo ni muda: maildi huchachuka haraka, haihitaji kukaa tangini ikisubiri harufu za hopsi zitulie, na huwa tayari kwenda baa mapema kuliko laga, ambayo ikipikwa ipasavyo hulazwa katika baridi kwa majuma mengi.

Tulipohamia kwenye vyombo vikubwa nilibadilisha jambo moja zaidi. Maji yetu yalikuwa yakitiwa jasi ili kuukaza uchungu wa IPA, na nikaomba kwa maildi tutumie kloridi ya kalsiamu badala yake, kwa kuwa salfeti iliyomo katika jasi huukausha mwisho wa ladha na kloridi huijaza ladha ya kimea. Joto la kulowekea tuliliweka nyuzi 68, na hamira tulichagua ya Kiingereza inayotuama upesi na kuacha harufu ndogo ya matunda. Bia ikatoka na asilimia 3.3 niliyokuwa nimeikusudia.

Kupika kukawa kumekwisha, lakini kuuza ndiko kulikotaka uvumilivu zaidi. Bia ya pipa ya Kiingereza huendelea kuchachuka kidogo ndani ya pipa, huhifadhiwa katika ghala la baa kwenye nyuzi 11 hadi 13, na pipa likishafunguliwa hewa huingia, hivyo kwa kawaida inapaswa kuisha ndani ya siku tatu hivi. Pipa la galoni tisa ni painti 72 (painti ni glasi ya zaidi kidogo ya nusu lita), na mwenye baa asiyeijua bia yako hatakubali kujitwika painti 72 za kitu ambacho huenda kikachacha mikononi mwake. Suluhisho lilikuwa kuijaza maildi katika mapipa ya nusu, ya galoni nne na nusu, ambayo viwanda vingi huyaona kuwa usumbufu kwa sababu kuyaosha ni kazi ileile kwa nusu ya bia. Mimi nilijitolea kuyaosha. Baa zilizolichukua pipa dogo zililimaliza likiwa bado safi, na ni usafi huo uliowarudisha wanywaji, maana maildi iliyochacha ndiyo iliyoiharibia jina bia hii tangu zamani.

Jambo hilo mimi nililijua kabla sijafika Uingereza. Nimekulia Kilimanjaro, na mbege ya kwetu, inayopikwa kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi na kutiwa uchungu kwa gome la msesewe, hunywewa ikiwa changa, katika kata inayozunguka miongoni mwa watu waliokaa pamoja, na kesho yake haiwi tena ileile. Hakuna mzee wa kwetu anayeisifia mbege kwa ukali wa kileo chake. Huisifia kwa mpishi, kwa ulezi ulioota vizuri, na kwa muda ambao watu wanaweza kuongea wakiwa wanainywa. Nilipowaeleza wenye baa maildi, nilizungumza kwa mtazamo huo: painti tatu za asilimia 3.3 zina kileo kinacholingana na painti mbili za asilimia 5, kwa hiyo mteja huketi muda mrefu zaidi, hununua glasi moja zaidi, na hurudi nyumbani akiwa mzima.

Wazee wa eneo hili walikuwa wa kwanza kuikubali, jambo ambalo nililitarajia, kwa kuwa baadhi yao waliianza wakiwa vijana. Ambao sikuwatarajia ni vijana waliozoea bia za hopsi, ambao walianza kuiomba kama bia yao ya kati ya juma, wakati ambapo kesho yake ni kazi. Katika kibao cha mpini wa pampu ya baa tuliandika ladha tatu tu, yaani mkate wa kahawia, karanga na kakao, na tukaacha kuweka neno lolote la kuomba radhi kwa wepesi wake.

Kwa mwenye kiwanda kidogo anayetaka kuanza, ushauri wangu ni kwamba asiifanye maildi kuwa bia ya Mei peke yake. Ikitoka mara moja kwa mwaka, mwenye baa hapati nafasi ya kuizoea, na mpishi hajifunzi kuinyoosha. Bia nyepesi haina kitu cha kufunikia kasoro, na ustadi wake huja kwa kuirudia mwezi baada ya mwezi.

Sasa nimeruhusiwa kujaribu aina nyingine iliyosahaulika zaidi, grodziskie ya Polandi, bia ya asilimia 3 hivi inayopikwa kwa ngano iliyokaushwa kwa moshi wa mwaloni. Katika mji wa Grodzisk Wielkopolski ilikoma kupikwa mwaka 1993, na ikarudi mwaka 2015. Tofauti na maildi, hii hutaka gesi nyingi na povu refu, kwa hiyo haitakwenda kwenye mapipa bali kwenye chupa nene, na tayari tumeagiza kimea cha kutosha kwa upishi mmoja wa majaribio.