Tumbaku, kadimiamu na matiti

Mche wa tumbaku hunyonya kadimiamu, metali nzito yenye sumu, kwa pupa na kuirundika kwenye majani, haya haya yanayokaushwa kwenye mabani ya Urambo, Kaliua na Sikonge mkoani Tabora. Sigara moja huwa na mikrogramu 1 hadi 2 hivi. Mvutaji wa muda mrefu hubeba mwilini takriban mara mbili ya asiyevuta, na kadimiamu iliyokwisha kukaa kwenye figo huchukua miaka 10 hadi 30 kupungua nusu.

Saratani ya matiti inaingiaje? Seli za titi zina vipokezi vya estrojeni, homoni ya kike, na kadimiamu huvishika ikajifanya ndiyo homoni. Mwaka 2003 watafiti wa Georgetown, Marekani, waliwapa kadimiamu panya majike waliotolewa ovari. Tezi za maziwa zikakua kana kwamba ovari bado zipo. Wengi huishia hapo na kutangaza kwamba imethibitika kuwa kadimiamu huleta saratani hiyo. Bado. Tafiti zilizopima mkojo wa wanawake ambao tayari wanaugua ziliona uhusiano, lakini zilizowafuatilia wanawake wazima kwa miaka haziuoni kwa uthabiti huo. Huenda ugonjwa au matibabu hubadili kinachotoka kwenye mkojo. Umri, ukoo, pombe na unene baada ya kukoma hedhi vina ushahidi mzito zaidi.

Asiyevuta huipata zaidi kwenye chakula. Mchicha na matembele hubeba kuliko punje ya mahindi, hasa kwenye udongo wenye tindikali. Kwa hiyo bustani ya mboga isiwekwe palipotupwa mabua na vumbi la tumbaku. Kuosha huondoa udongo tu, kwa kuwa kadimiamu imepanda kupitia mizizi. Kuanika nako hakuitoi: nsansa (mboga ya majani ya kuanikwa) ikikauka, maji ndiyo yameondoka. Kinachosaidia ni chokaa ya kilimo hadi pH, kipimo cha tindikali ya udongo, ifike karibu 6.5, ila pima udongo kwanza, maana ikizidi mboga hukosa zinki na chuma.

Na chuma ndiyo habari ambayo haisemwi vya kutosha. Utumbo hupitisha kadimiamu kwa mlango ule ule wa madini ya chuma. Damu ikipungua, mlango hupanuliwa, na kadimiamu hupenya kwa wingi zaidi. Mjamzito na mwenye hedhi nzito ndio walio wazi zaidi. Vidonge vya chuma vya kliniki vimezwe, visiachwe kabatini. Dagaa wanaoshuka na treni kutoka Kigoma wana chuma. Maharage pia, yakiliwa na limau au chungwa. Chai isubiri saa moja baada ya mlo, kwa sababu hukizuia chuma kufyonzwa.

Kipimo cha kadimiamu kwenye mkojo hakisemi kama uvimbe ni saratani. Uvimbe mgumu kwenye titi au kwapani, hata usiouma, hupelekwa hospitali ukachukuliwe kinyama kwa sindano.