Jaribio linasubiri nini hasa?

Jaribio la kivinjari, yaani programu inayofungua ukurasa na kuubonyeza kama mteja kuona kama unafanya kazi, likikatika kwa sababu muda liliopewa umeisha, hakosekani mtu kwenye timu wa kusema, "Si tuongeze tu iwe dakika moja?" Kwetu ni kijana mmoja mwepesi wa vidole. Tumeshabishana naye mpaka sasa akiniona naikaribia meza yake anaanza kucheka.

Chukua ukurasa wetu wa malipo. Mteja akibonyeza "Lipa" anapelekwa kwenye ukurasa wa kusubiri, na ukurasa huo ukifunguka tu unaiuliza seva, "Hela imeingia?" Seva haikurupuki kujibu, inashikilia ombi hilo mpaka iwe na la kusema. Ikijibu, ukurasa unauliza tena papo hapo, na hata hela ikishaingia hauachi, kwa sababu kuna taarifa nyingine za mteja zinazopitia humo humo. Mteja hana shida na hilo. Lakini jaribio liliandikwa lisubiri kwanza mtandao utulie, na kwa Playwright, zana tunayoendeshea majaribio haya, kutulia ni kukaa milisekunde 500 bila mawasiliano yoyote. Ukurasa wa namna hii hautulii hata siku moja. Sekunde 30 za kawaida zikiisha, jaribio linakufa. Ukiliongezea muda uwe dakika moja, litakufa baada ya dakika moja, na foleni ya wanaongoja kazi zao zipite inarefuka bure.

Tuliufuta mstari ule wa kusubiri mtandao, tukaliambia jaribio lisubiri kile anachokisubiri mteja mwenyewe: maneno "Malipo yamepokelewa" yatokee kwenye skrini. Basi.

Kuna majaribio yanayopita kwenye laptopu na kukwama tu kwenye seva ya majaribio, ile inayoyaendesha yenyewe. Hapo mimi huanza na kumbukumbu ya kompyuta (memori). Kontena la Docker, yaani kisanduku ambamo programu huendeshwa ikiwa imetengwa, huipa /dev/shm, sehemu ya memori ambayo programu hushirikiana, MB 64 tu usipobadilisha, na kivinjari cha Chrome huitegemea sana. Ukurasa mzito unaweza kuijaza na kuiangusha Chrome, huku wewe ukihangaika na muda. Ongeza kwanza --shm-size, mpangilio wa Docker wa ukubwa wa sehemu hiyo, ndipo utafute mchawi kwingine.

Si kwamba sirefushi muda kabisa. Jaribio la kupakua ripoti ya mwaka nimelipatia dakika mbili, kwa sababu seva inaitengeneza polepole kweli na tunajua hivyo. Ila ni hilo peke yake, si mpangilio wa mradi mzima, na juu yake nimeandika sababu.