Kipimo cha damu cha macho kwa njiti, mimi nilivyokwenda nacho

Kila mama wa njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, ninayekutana naye anauliza kilekile nilichouliza mimi, hivi hamna kipimo cha damu cha kuonyesha macho ya mtoto yana ile shida ya retina ya njiti, wanaiita ROP? Maana ile ya kumchungulia jamani acha tu. Anawekewa matone mboni ipanuke, afu kope wanaishikilia na kijichuma, dokta kavaa taa kichwani anatazama nyuma kabisa kwenye retina, ule utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga. Wangu alizaliwa wiki 28, kilo moja na kidogo, alikuwa analia mpaka anabadilika rangi. Nesi mmoja mama mtu mzima akanionyesha kumviringisha kwenye khanga mikono ikiwa ndani na kumdondoshea maziwa yangu kidogo mdomoni kabla hawajaanza, akawa anatulia angalau.

Dokta akanijibu damu wanaitafiti sana ila haijafika pa kuchukua nafasi ya kuchungulia. Wanayoiangalia zaidi ni homoni inayosaidia ukuaji inaitwa IGF-1, mtoto akizaliwa kabla ya wakati inashuka, na ikiwa chini mishipa ya damu ya retina inasimama kukua, baadaye retina ikikosa oksijeni inaita mishipa mipya kwa fujo, inaota ovyo na inaweza kuvuta retina ikabanduka. Oksijeni ikizidi siku za mwanzo nayo ni balaa, ndo maana manesi hawaachi kukitazama kile kidude cha mguuni kinachopima oksijeni.

Sasa kilichonipa pa kushika ni hiki: watafiti wa Sweden, huko Göteborg, walikuwa wanapima IGF-1 pamoja na uzito wa kila wiki, baadaye wakaona hata uzito peke yake unaonyesha mengi, kwa sababu mtoto asiyeongezeka mara nyingi homoni hiyo iko chini. Basi nikanunua daftari. Kila akipimwa naandika gramu, nakamua maziwa usiku na mchana, kangaruu, yaani mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, muda wote hadi mgongo unauma, shemeji ananipokea nikienda kuoga. Kuna wiki uzito uligoma kabisa, nikampelekea dokta daftari, akaiwahisha tarehe ya macho. Wakakuta shida iko hatua ya pili, ambayo mara nyingi ni ya kufuatiliwa tu, wakawa wanarudia rudia kumwangalia mpaka ikarudi yenyewe bila leza wala sindano ya jicho.

Ila msije mkasema mwanangu kanenepa basi simpeleki, hapana, njia hiyo ya uzito ilipojaribiwa China na Mexico kuna watoto wenye shida haikuwagundua. Kwa njiti wa wiki kama za wangu macho yanaangaliwa mara ya kwanza karibu wiki ya nne tangu azaliwe, na huenda hapo mmesharuhusiwa au mnakaribia, kwa hiyo kabla hujatoka wodini hakikisha tarehe ya macho imeandikwa kwenye kadi, kama haipo kaa hapohapo mpaka waiandike.