Jivu la Singapore

Jikoni kwenye nyumba niliyopanga hapa Singapore kuna kidirisha cha chuma ukutani. Unakivuta, unasukuma mfuko wa taka, unausikia ukigonga kuta za bomba la taka mpaka chini, basi, umemaliza. Raha hiyo ndiyo inayoharibu watu: humo hupita wali wa jana, viatu, hata redio mbovu yenye betri zake.

Lori hupeleka mzigo kwenye kiwanda cha kuchomea taka, likapimwa mizanini, kisha likamwaga kwenye shimo kubwa. Juu yake kreni hunyakua, hunyanyua na kuachia, hunyakua tena. Kazi yake ni kuchanganya, maana taka mbichi zikiingia tanurini zenyewe tu, moto hupoa. Mabaki ya chakula ni maji matupu, na lazima yakauke kwanza ndipo yashike. Joto hutengeneza mvuke wa kuzalisha umeme, moshi huchujwa, sumaku huokota vyuma kwenye jivu.

Watu wakifika hapo hudhani habari imeisha. Kuchoma hupunguza ujazo wa taka kwa takribani asilimia 90, na hiyo ni ujazo, si uzito. Kinachobaki hupakiwa kwenye tishari lililofunikwa na kupelekwa Semakau, dampo la baharini lililoanza kazi mwaka 1999, mwaka uleule lilipofungwa dampo la mwisho la nchi kavu, Lorong Halus.

Semakau naiheshimu, sifichi. Walizungushia bahari ukuta wa mawe wa kilomita 7, wakaufunika kwa utando na udongo mzito wa baharini ili maji ya jivu yasipenye. Kando yake wakapanda mikoko. Mikoko ikianza kufa, wanajua kuna kinachovuja.

Tatizo ni kwamba dampo hilo linakadiriwa kujaa mwaka 2035, na nchi hii haina pa kusogea. Serikali inataka taka zinazokwenda dampo kwa kila mtu kwa siku zipungue kwa asilimia 30 ifikapo 2030. Pia jivu limejaribiwa kwenye ujenzi wa barabara. Hilo naliunga mkono nusunusu. Jivu hubeba metali za risasi, shaba na zinki, kwa hiyo lazima lishughulikiwe kwanza, na shughuli hiyo si ya bure. Ningependa kuiona gharama yake kabla lami haijamwagwa.