Begonia ya Mdomo wa Pango: Siku Moja Kwenye Vilima vya Chokaa vya Bau

Tuliondoka Kuching, mji wa jimbo la Sarawak nchini Malaysia, saa kumi na moja alfajiri, tukashika njia ya kusini magharibi kuelekea Bau kutafuta begonia, mmea mdogo wa maua unaopenda kivuli. Ulikuwa mwezi wa Julai. Mvua kubwa za Sarawak huanza Novemba na kukaza hadi Februari, na miezi hiyo mapito ya vilimani ni utelezi mtupu, na maua huoza yangali kwenye vikonyo. Kibali cha Idara ya Misitu ya Sarawak tulikuwa nacho, na mkuu wa kijiji cha Wabidayuh, wenyeji wa eneo hilo, alikuwa ametupa mtu wa kututangulia. Ukikosa kimojawapo, usipande. Sampuli iliyochumwa bila ruhusa haina pa kwenda: hebaria makini, yaani ghala la mimea iliyokaushwa kwa utafiti, haiipokei, wala jarida halichapishi maelezo yake.

Vilima vya Bau huchomoza wima kutoka tambarare, bila mteremko wa kukuandaa. Ni chokaa iliyotuama baharini mwishoni mwa zama za Jura na mwanzoni mwa Kretasia, enzi za dinosaria, na tangu hapo mvua imekuwa ikiila mpaka kingo zake zimekuwa kama wembe. Glavu ziwe za ngozi, za kitambaa huchanika saa ya kwanza. Kabla ya kuegemeza uzito kwenye jiwe, ligonge: likilia kama chungu chenye ufa, liache.

Kwa begonia, kila kilima ni kisiwa. Mbegu zake ni kama vumbi, hazifiki hata nusu milimita, na mtu angedhani upepo huzipeleka mbali. Sivyo. Nyingi huanguka karibu na mmea mama, ndani ya msitu usio na upepo. Ndiyo sababu kilima hiki kinaweza kuwa na begonia yake na cha jirani kikawa na nyingine, na ndiyo sababu kilima kimoja kikivunjwa kwa ajili ya kokoto au saruji, spishi nzima inaweza kwenda nacho.

Chini ya jabali tulikuta begonia za shina wima, ua dume tepali (vipande vya ua vinavyofanana na petali) 2, ua jike tepali 5, dalili za kundi la Petermannia, kubwa kuliko makundi yote ya begonia. Tulizipiga picha tukapita. Tulichokifuata kilikuwa juu zaidi, upande wa kaskazini, kwenye mdomo wa pango ambako jua halipigi na maji hudondoka polepole. Kilima chenyewe sikitaji, wala vipimo vya GPS siviandiki hapa. Begonia adimu zina wanunuzi, na ukuta mmoja huweza kukwanguliwa wote kwa asubuhi moja.

Begonia tuliyoifuata ilikuwa imejibana ukutani. Rizomu, yaani shina linalotambaa, nene kama kidole cha mwisho, imetambaa juu ya jiwe tupu, mizizi imeshika ufa wenye udongo usiojaa kijiko. Tulidondoshea udongo ule siki kidogo, ukatoa povu: chokaa imo humo humo, si kwenye jiwe peke yake. Jani halizidi kiganja, upande mmoja mpana kuliko mwingine kama ilivyo desturi ya begonia, kijani kilichoiva juu, wekundu wa damu ya mzee chini. Ukiliinamisha kwenye mwanga, uso wake hutoa rangi ya buluu inayotembea. Mwako wa kamera huiua rangi hiyo, kwa hiyo piga picha kwa mwanga wa kawaida, ukiweka rula na kadi ya rangi pembeni, kisha iandike kwa maneno. Jani likikauka hugeuka kahawia na hakuna atakayejua lilivyokuwa.

Hapo ndipo watu hukosea kwa kuwahi kusema "mpya". Ukuta mmoja huweza kubeba majani machanga yenye madoa na makubwa yasiyo na doa, ya mmea uleule. Jani halitoshi. Neno la mwisho liko kwenye ovari, sehemu ya ua jike inayokuja kuwa tunda, na ovari husomeka vizuri ikiwa mbichi.

Tulianza na maua dume, maana tepali zake hudondoka ukiugusa mmea. Yatie kwenye kichupa cha ethanoli (spiriti) ya asilimia 70 kabla hujafanya lolote lingine. Lebo iandikwe kwa penseli, itiwe ndani ya kichupa, kwa sababu wino huyeyuka kwenye spiriti. Ua jike likawa kazi kutafuta: begonia nyingi hufungua maua dume kwanza, na karibu vikonyo vyote vilikuwa bado kwenye hatua hiyo. Tulipata matatu.

Moja nililikata katikati kwa wembe mpya, mkato mmoja wa kuvuka, bila kurudia kama msumeno. Chini ya lenzi ya mkono vilionekana vyumba 3, na ndani ya kila chumba plasenta, yaani kishikilio cha vijiyai vya mbegu, iliyogawanyika pande mbili, imejaa vijiyai vyeupe kotekote. Mabawa ya ovari 3, moja refu kuliko mengine. Nilichora palepale, kisha nikapiga picha. Ndani ya dakika chache mkato huanza kukauka kingo na ile migawanyiko hujikunja, ikaonekana kama kitu kimoja. Ovari iliyobanwa kavu kwenye karatasi huweza kumdanganya hata mtaalamu.

Mimea iliyokomaa tuliihesabu mmoja mmoja: 38. Kwa vigezo vya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, chini ya 50 ni hatarini kabisa kutoweka, lakini hesabu ya ukuta mmoja si hesabu ya spishi, na kuta za upande wa pili hatukuzifikia. Kwa hiyo hatukung'oa hata mmoja. Tulikata ncha za rizomu zenye majani na maua, mashina yakabaki kuchipua. Vipande vya jani kwa ajili ya DNA viliingia kwenye silika jeli, chembechembe zinazofyonza unyevu, uzito wake angalau mara 10 ya jani. Jani moja zima lilifungwa kwa kitu chenye unyevu, kwa sababu begonia huweza kuoteshwa kutokana na jani.

Kubana mimea kwenye magazeti ili ikauke ndiko kunakoharibu kazi nyingi. Begonia ni maji matupu. Ukiifunga kama majani ya mti, baada ya siku mbili unakuta ukungu na majani yamejitenga na vikonyo. Pasua rizomu na vikonyo vinene kwa urefu, nyunyizia spiriti ili kuua chembe hai za mmea, badilisha magazeti jioni ileile na tena asubuhi, ndipo uingize kwenye kikaushio.

Kesho yake, kwenye hebaria ya Kuching, tuliilinganisha na karatasi za begonia za Bau, ikiwamo Begonia calcarea, ambayo jina lake lenyewe lamaanisha ya chokaa. Hakuna iliyolingana nayo kwa rizomu, vinyweleo vya jani na bawa la ovari kwa pamoja. Jina hatujalitamka. Ili jina lisimame kwa kanuni za kimataifa za majina ya mimea, maelezo yachapishwe kwa Kilatini au, tangu 2012, kwa Kiingereza, na sampuli mama, holotaipu, itajwe imehifadhiwa hebaria gani. Kiswahili hakimo kwenye kanuni hiyo, nami natamani siku moja kiwemo.

Tunda bivu hatukulipata, na bila tunda na mbegu maelezo yana pengo. Kwenye lebo tumeandika Begonia sp., yaani begonia ambayo spishi yake haijatajwa, tarehe, mwinuko na upande wa ukuta. Maua jike mawili tuliyoyaacha tumeyafunga uzi mwekundu kwenye kikonyo, na Septemba tutapanda tena kuyatazama.