Eti besi rahisi, nyuzi nne tu: yaliyonikuta mimi muuza nyavu wa Kirumba

Nianze na hasira kwanza. Mtu akikwambia besi ni rahisi kwa sababu ina nyuzi nne na gitaa la kawaida lina sita, muulize kama na guta ni rahisi kuendesha kuliko gari kwa sababu lina tairi tatu. Mi niliambiwa hivyo na watu kama saba hivi, na wote hawajawahi kushika hata filimbi.

Nina duka dogo la vifaa vya uvuvi jirani na Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza. Nyavu, kamba, maboya, ndoano za migonzo, vitu hivyo. Nilianza besi nikiwa na miaka 38 baada ya kwaya moja kununua vyombo vipya na kuuza vya zamani, nikaokota gitaa la besi la Kichina, umbo lake limeigwa Precision, besi ya kampuni ya Fender ya Marekani iliyotoka 1951. Laki mbili na nusu, ukiweka na soda za dalali na begi lake lililochanika sema laki tatu kasoro. Mke wangu nilimwambia laki moja. Akisoma hapa tutajua mbele ya safari.

Mwezi wa kwanza nilipoteza bure kabisa. Nilikuwa naweka nyimbo za dansi kwenye simu nasikiliza kwa spika ya simu, natafuta besi inapiga nini, siisikii, nabuni tu. Kumbe ule uzi mnene wa juu, E, ukiuachia wazi unatikisika kama mara 41 kwa sekunde, na kispika cha simu sauti nzito hivyo hakiwezi kuitoa, kinakupa kivuli chake tu. Nikanunua iafoni za elfu kumi za stendi, nyimbo zile zile nilizozisikiliza tangu utoto, nikawa nasikia mtu mwingine kabisa anatembea humo ndani. Nilikaa nacheka peke yangu dukani, mteja anasubiri nyavu.

Sasa mkasa wenyewe. Uzi wa A, ule wa pili kutoka juu, ukakatika. Nikauliza bei ya seti nzima nikaambiwa elfu sitini na zaidi, na ziagizwe Dar. Jirani yangu wa duka akaniambia, we ngosha una mshipi wa kila unene humu ndani unaenda kununua uzi wa nini? Nikaona kweli, huyu ana akili. Nikachagua mshipi mnene wa nailoni, ule wa kazi nzito ambao hata sangara mkubwa hauumi ukakatika, nikaufunga fundo la kivuvi kabisa, fundo zuri kuliko la kiwandani, nikakaza. Ukipiga bila umeme unatoa mlio, tena mtamu kiasi. Nikamwita jirani aje ashuhudie, nikachomeka kwenye amplifaya, nikapiga.

Kimya. Nyuzi zingine tatu zinalia, huu wa mshipi hata pumzi hautoi. Nikaongeza volumu mpaka mwisho, nikapiga kwa nguvu, hamna. Jirani akasema labda spika. Nikahangaika jioni nzima nafungua jeki, lile tundu la kuchomekea waya kwenye gitaa, nafunga, mpaka fundi redio mmoja alipopita akaangalia akacheka mpaka akakaa chini. Pikapu ya gitaa, kile kidude cha chini ya nyuzi, ni sumaku iliyozungushiwa waya, inasikia chuma kinapotikisika juu yake. Nailoni kwake haipo. Ni kama kumsalimia kiziwi gizani.

Ungedhani nilijifunza. Nikasema kama shida ni chuma basi chuma kipo, nikaenda kwa fundi pikipiki nikachukua waya wa klachi. Na hapa naomba mnisifu kidogo, kwa sababu ule waya mwishoni una kichwa kinene na kikakaa kwenye kile chuma cha chini ya gitaa kinachoshika nyuzi kama kimezaliwa pale. Ukalia! Kwa sauti ya geti linalofunguliwa usiku na mwizi. Ni mwembamba kuliko uzi wa A, kwa hiyo ukiushusha mpaka noti yake unalegea kama kamba ya kuanikia nguo, unagonga freti, vile vijiti vya chuma vya shingoni, kla kla kla, na ndani ya wiki mbili freti ya tatu na ya tano zikawa na mfereji. Mfereji ule upo mpaka leo. Nikanunua seti, ikaja na basi. Hesabu ya uzi wa bure: fundi, waya, freti mbili na aibu.

Mazoezi. Sisi tunakaa mlimani Mabatini, ule upande wa mawe ambako nyumba zimepanda jiwe juu ya jiwe na hata bodaboda inaishia chini. Amplifaya yangu, mtumba, spika ya inchi 15, ina uzito kama wa mfuko wa simenti na mbaya zaidi haishikiki. Kijana wa kwanza aliibeba mpaka juu kwa elfu tatu, alipofika akasema kushusha atatafutwa mtu mwingine. Mara ya pili ilikuwa elfu tano. Nikapiga hesabu nikaona besi itanifilisi kwa kupanda mlima tu, nyimbo bado.

Ndo nikapata dili na kinyozi wa pale chini barabarani. Amplifaya inalala kwake, mchana anapigia muziki wake bure, mi nikiwa na shughuli naichukua bila kupanda hata jiwe moja. Sauti ya juu haina kabisa, wateja wake wananyolewa kwa mdundo tu bila mwimbaji, ila anasema wamezoea.

Na nyumbani? Hii sikufundishwa na mtu, niliigundua usiku umeme umekatika watoto wamelala. Egemeza kichwa cha gitaa, pale kwenye vigingi vya kukazia, kwenye mlango wa kabati la nguo. Mlango wa mbao, plastiki hautakusaidia. Kabati zima linageuka spika. Sauti nene, ya upole, inakutosha wewe na haimwamshi mtu. Ukisikia kitu kinagongagonga ujue ni henga za shemeji yako, hamisha. Miezi sita hivi nimefanya mazoezi na kabati na nawaambia kabati halijawahi kunikosea tempo.

Bendi yenyewe ni ya watu wazima, kila mtu na kazi yake, tunapiga harusi na sendofu. Nilipoingia nilikuwa najaza kila mahali, noti kama mvua ya mawe, najiona. Kuna mzee mmoja alipiga dansi zamani, alikuja mazoezini akakaa kwenye kreti, akasikiliza nyimbo mbili, akaniuliza, "Mwanangu, unadaiwa na nani?" Nikasema sidaiwi shikamoo mzee. Akasema, "Mbona unakimbia?" Afu akanionyesha kwa mguu: kiki ya drams inapodondoka nami nidondoke, halafu ninyamaze, nimwachie tumba apite. Ile rumba ninayoipenda utamu wake mwingi uko pale besi isipopiga. Hilo lilinichukua muda kuliko freti zote, mkono ulikuwa unawasha.

Shughuli ya kwanza ya hela ilikuwa sendofu upande wa Sengerema. Tulivuka na kivuko cha Kamanga, amplifaya imekaa katikati ya matenga ya nyanya, nimeikumbatia. Tunafika, genereta, taa za rangi kila kona, nachomeka tu: ngwiiiiiii. Fundi mitambo akanitolea macho. Akaja mtaalamu mmoja wa ukumbini na ushauri: weka plagi ya pini mbili, ile ya ardhi ndo inaleta kelele. Jamani. Pini ile ikitolewa na amplifaya ikawa na hitilafu, njia ya umeme inabaki wewe, mkono kwenye nyuzi na mdomo kwenye maiki. Nilikataa, nikaonekana mjuaji.

Nikaanza kutafuta mwenyewe. Nikashika nyuzi, kelele ile ile. Nikagusa chuma cha jeki kwa kidole, kimya. Basi waya unaotoka kwenye chuma cha nyuzi kwenda ardhini umekatika humo ndani, na muda wa kufungua sina, bibi harusi yuko mlangoni. Nikaomba kipande cha waya wa spika, nikachuna nyuzi mbili tatu za shaba, upande mmoja nikauzungusha kwenye skrubu ya chuma cha nyuzi, mwingine kwenye nati ya jeki, seloteipu juu. Nikashika nyuzi, kelele ikaisha kama mtoto aliyepewa titi. Fundi mitambo alitikisa kichwa mara moja tu, na kwa fundi mitambo hiyo ni sherehe.

Tulipiga mpaka saa saba usiku. Nilikosea wimbo wa tatu, nikaingia kibwagizo mapema, mpiga drams akanifuata kwa huruma. Nikapata elfu thelathini, wali, na kidole cha shahada kilichotoa lengelenge likapasuka.

Wakati nafungasha akaja baba mmoja wa makamo, mjomba wa bibi harusi, kanipa mkono kwa heshima. Akaliangalia gitaa muda mrefu, akaniinamia sikioni asiniaibishe mbele za watu.

"Kijana umejitahidi sana. Ila naona nyuzi mbili zimekatika, umepigia nne usiku kucha. Ukifika Mwanza nenda Kirumba, jirani na Mwaloni kuna jamaa anauza mshipi imara sana, mwambie akupimie."